Uko Wapi, Wewe ni Nani

Mimi ni mtu wa hofu. Nikipanda bodaboda naiona ajali kabla dereva hajawasha pikipiki, na nikiitwa ofisini na mkuu wa chuo, njiani nimeshajitetea, nimeshafukuzwa kazi na nimeshafungasha virago kurudi Kibondo kulima mihogo. Mume wangu huniambia kwamba siku nitakayokosa la kuogopa nitaogopa huko kukosa. Sasa mtu kama huyu ndiye aliyejitwika kazi ya kufuta kompyuta zote za chuo chetu cha ufundi hapa Kasulu na kuziwekea mfumo ambao hakuna mwalimu mwenzangu aliyewahi hata kuusikia.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kuukuu, tulizoachiwa na shirika moja lililokuwa likipunguza shughuli zake kwenye kambi ya wakimbizi, na zilikuja na maradhi yao. Ukichomeka flashi, mafaili yako yanageuka vialama visivyofunguka. Kila muhula tulimwita fundi wa mjini aje kupiga windo, yaani kuweka Windows upya, naye alipiga ile ile ya kunakili, isiyo na kibali cha wenyewe. Wiki chache baadaye skrini inakuwa nyeusi tii, na pembeni kuna maandishi ya kukukumbusha kwamba unachotumia si halali. Nilikuwa nasimama mbele ya darasa nikihubiri uaminifu kazini huku kila mashine nyuma ya wanafunzi inatangaza wizi. Nilikosa raha kabisa.

Ndipo katika mafunzo fulani ya walimu pale Kigoma mjini nikaonyeshwa Linux. Ni mfumo endeshi kama ile mingine, ndio unaoiamsha kompyuta na kuiendesha, ila huu ni wa bure na ni huria: walioutunga wameuacha wazi, yeyote auchukue, autumie, aufungue aone ulivyoshonwa ndani, na akiweza aurekebishe. Virusi vyetu vya flashi haviuwezi. Nilirudi Kasulu nikiwa nimeuhifadhi kwenye flashi niliyoifunga kwenye leso, na leso kwenye mkoba, na mkoba nimeukumbatia njia nzima.

"Madam," mkuu wa chuo aliniuliza, "hiyo ya bure ikiharibu mashine tunamlaumu nani?"

"Mimi, Mkuu."

"Haya. Mimi nimesikia, na mtunza stoo hapa amesikia."

Usiku ule sikulala vizuri, lakini nilikuwa nimeshasema.

Sikutaka kuziwekea mashine mfumo mimi mwenyewe. Katika mtihani wao wa mwisho, ule wa vitendo, kila mwanafunzi angetakiwa aiwekee kompyuta mfumo endeshi kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya mtahini kutoka nje, na hakuna aliyejifunza kusonga ugali kwa kutazama sufuria. Nikawagawia kila mmoja mashine yake. Ubaoni nikaandika kwa Kiswahili maswali ambayo mfumo ungewauliza kwa mfuatano wake. Lugha gani? Kibodi gani? Diski ifutwe? Uko wapi? Wewe ni nani? Niliyaandika haraka haraka, mawazo yangu yote yakiwa kwenye lile la kufuta diski, maana hapo ndipo mambo yangeweza kuharibika. Hayo mengine niliyaona ya kujaza tu.

Wanafunzi wangu wanatoka pande zote za huku juu. Wapo Waha wa hapa hapa Kasulu na wa Rungwe Mpya, wapo watoto wa wenye maduka mjini ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, na tupo sisi. Nasema sisi kwa sababu mimi pia ni wa humo: watu ambao wazazi au babu zao walivuka kutoka Burundi, wakalima, wakazaa, wakaapa, wakapewa uraia. Siku za kawaida hakuna anayekuuliza. Siku ya ugomvi, hata uwe ugomvi wa ndoo kisimani, ndipo unakumbushwa njia uliyojia. Mama yangu hadi leo cheti chake cha uraia anakilaza chini ya mto. Ukimwambia atakichakaza, anakujibu kwamba kuchakaa ni afadhali kuliko kupotea.

Miongoni mwa hao wa kwetu alikuwamo binti mmoja kutoka Kumsenga, wilaya ya Kibondo. Alikuwa mkimya, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wote darasani. Baba yake ni mzee wa kanisa na mkulima wa maharage, na huyu ndiye binti wa kwanza wa nyumba ile kuvuka kidato cha nne na kuendelea. Nilimpenda, na sikujificha sana. Kichwani nilikuwa nimeshamwona amemaliza, amepata cheti, amekaa kwenye ofisi fulani na kiyoyozi kinampuliza.

Siku ile ya kwanza alikuwa mbele ya wenzake kama kawaida yake. Wenzake walikuwa bado wananiuliza kama ni kweli diski ifutwe, yeye ameshafika kwenye Uko wapi. Swali hilo linakuja na ramani ya dunia. Unabonyeza mahali ulipo, mfumo unakutajia mji, kisha unapanga saa kufuatana na mji huo. Nilikuwa nimewaambia, "Bonyezeni kwenu." Yeye alinitii. Nilimwona anautembeza mshale taratibu, akaupandisha kufuata Ziwa Tanganyika, akaupitisha Kigoma, akaingia ndani kidogo upande wa mashariki, akapima kwa jicho, akabonyeza kwao.

Skrini ikaandika: Bujumbura.

Kijana aliyekaa naye, mcheshi wa darasa, Muha wa hapa mjini, akachungulia. "Oya!" akapaza sauti. "Mashine imemtambua! Hii haidanganyiki bwana!"

Darasa zima likaangua kicheko. Yule binti aliusogeza mshale kidogo kulia, akabonyeza tena: Bujumbura. Akausogeza tena: Bujumbura. Kisha akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka akiufunga mlango polepole nyuma yake.

Nina hasira za karibu, na siku ile zilinitoka zote. "Nani amecheka? Simameni! Wote simameni!" Yule mcheshi nilimtoa nje. Aliniangalia ameduwaa, hajui alilokosea, na naamini kweli hakujua. Kwake ulikuwa utani wa mashine. Waliobaki nikawaamuru wote wabonyeze Dar es Salaam, na wakabonyeza Dar es Salaam wakiwa wamesimama, kimya, wakiinama kwenye meza kama watu wanaosali. Hakuna aliyethubutu kubonyeza kwao.

Nilipomaliza kipindi nilimfuata bwenini. Mwenzake wa chumba akaniambia ameondoka.

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Kwao, madam. Amebeba na godoro."

Godoro ndilo lililonitisha. Mwanafunzi akiondoka na begi, amekwenda kusalimia. Akibeba godoro, ameaga.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Simu yake haikupatikana. Ile mashine yake, ambayo mtu aliimalizia bila kurekebisha mji, ikawa inaonyesha saa moja nyuma ya saa ya ukutani, maana Burundi saa zao ziko nyuma yetu. Wanafunzi wakaipachika jina, mashine ya Bujumbura. Nilipiga marufuku jina hilo, na kwa kulipiga marufuku nikalitia mbolea. Mwisho niliifuta mashine, nikaiwekea mfumo upya kwa mkono wangu. Naye mkuu wa chuo akanikumbusha kwa upole wake unaokata kwamba anayekosa vipindi kupita kiasi hafanyi mtihani, na kwamba wiki inayofuata angepeleka majina ya watahiniwa.

"Kama harudi, madam, jina lake silipeleki."

Nilijiuliza kwa nini sikuijaribu ile ramani kwanza. Kwenye mafunzo tulionyeshwa kubonyeza Dar es Salaam, basi nami nikabonyeza Dar es Salaam, na kila mara hivyo hivyo. Nilipoichunguza nikaelewa mara moja. Waliochora ile ramani waliiwekea nchi yetu nzima nukta moja tu, na nukta yenyewe iko ufukweni mwa bahari. Burundi nayo ina nukta yake moja, na sisi wa huku juu iko karibu nasi kuliko ya kwetu. Mfumo unachukua nukta ya karibu, basi. Hauna habari na mtu. Lakini maelezo hayo nilikuwa nayo mimi Kasulu, na binti alikuwa Kumsenga amelaza godoro lake kwa baba yake.

Jumamosi nikapanda gari la Kibondo, na kutoka Kibondo nikachukua bodaboda hadi Kumsenga. Laptopu yangu nilikuwa nimeichaji hadi ikajaa, kisha nikaendelea kuichaji, kwa woga tu.

Nyumba ya yule mzee nilielekezwa bila shida. Ni ya tofali za kuchoma, imeezekwa bati, na uani mihogo ilikuwa imeanikwa juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja. Hilo la magunia lilinigusa. Kambi haiko mbali, na huku kwetu nyumba nyingi huanika juu ya maturubai ya msaada yanayouzwa sokoni, ndiyo imara na ndiyo rahisi. Kwa mzee huyu sikuona turubai, sikuona blanketi la kijivu, wala kopo la mafuta lenye nembo. Nilijua mara moja ni mzee wa namna gani: asiyetaka kitu cha kambi uani kwake, asije akaitwa mkimbizi. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo.

"Mwiriwe, mzee."

"Mwiriwe, mwalimu. Karibu. Karibu sana." Alinitolea kiti cha kukunja, yeye akakaa kwenye kigoda. Binti alikuja, akanipigia goti, akanipa maji ya kunywa, akarudi nyuma ya nyumba. Hakunitazama usoni.

Tuliulizana habari za mvua, za maharage, za barabara, za wagonjwa. Ilipofika zamu ya habari yenyewe, mzee alikohoa.

"Mwalimu, nikuulize. Hiyo kompyuta yenu ni ya bure?"

"Mfumo wake ndio wa bure, mzee."

"Ego, sawa. Sasa mimi tangu nimezaliwa sijaona cha bure ambacho mtu hakusaini. Blanketi unasaini. Unga unasaini. Hata chanjo unasaini. Mtoto wangu alisaini wapi?"

"Hakusaini, mzee. Aliulizwa tu yuko wapi."

"Aliulizwa yuko wapi. Halafu?"

Nilianza kujisikia ninavyosikika. "Halafu... mbele kidogo, anaulizwa yeye ni nani."

"Halafu?"

"Halafu anaandika neno lake la siri."

Mzee alinitazama bila hasira, kwa huruma hasa. "Mwalimu, wewe ni wa kwetu, na ukoo wenu naufahamu. Mtu amekuja, amekupa kitu bure. Anakuuliza uko wapi. Anakuuliza wewe ni nani. Anakuuliza na siri yako. Wewe ungemjibu?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Muda wote ule nilikuwa nimeyaona maswali yale ni ya mashine, nimeyaandika ubaoni kwa chaki, na haikunipitia akilini kwamba ndiyo yale yale baba yangu aliyoulizwa kwenye dirisha la Uhamiaji, amesimama na kofia mkononi. Pengine ningekuwa mtoto wa mwenye duka la vitenge ningekuwa na kisingizio. Mimi sina.

Nikatoa laptopu. Nikachomeka flashi, nikauamsha ule mfumo bila kuusakinisha, nikafika kwenye ramani. Nikamweleza habari ya nukta. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mhubiri wa dhehebu jingine.

"Mzee, usiniamini mimi," nikamwambia mwishowe. "Jaribu mwenyewe."

Akajifuta kidole kwenye suruali. Nikamfundisha kuuvuta mshale. Mara ya kwanza aliupeleka hadi Ulaya, akashtuka, akaurudisha. Alipofika kwetu akabonyeza.

Bujumbura.

Akakiondoa kidole, akakifikicha kwa dole gumba. Nikaona mkono wake unataka kurudi mapajani, nami nikajua nimelikoroga. Lakini mzee alikuwa anafikiri.

"Hapa ni Kumsenga," akasema. "Kibondo mjini iko wapi?"

Nikamwonyesha, unywele mmoja tu pembeni. Akabonyeza. Bujumbura.

"Pale penye boma? Kwa mkuu wa wilaya?"

"Ndiyo, mzee. Ndipo hapo hapo."

"Kwa hiyo mkuu wa wilaya yuko Bujumbura?"

"Kwa ramani hii, yuko Bujumbura."

"Na polisi?"

"Na polisi."

Akanisogelea, akapunguza sauti kabisa. "Na Uhamiaji?"

"Uhamiaji wote, mzee. Ofisi nzima, na mihuri yao."

Alicheka. Alicheka mpaka kigoda kikayumba, akajifuta macho kwa kiganja, akamwita mkewe aje aone Uhamiaji walivyohamishwa. Mama akaja na mikono yenye unga wa muhogo, naye akacheka, na nyuma yake nikamwona binti amesimama mlangoni. Mzee akabonyeza Kakonko: Bujumbura. Akabonyeza Gwarama, ambako shemeji yake ana shamba: Bujumbura. Akabonyeza Kasulu kwangu. Kila alipobonyeza alikuwa anasema "na huyu!" na kucheka upya. Nami nikacheka, mzigo ukanishuka mabegani, nikajua nimeshinda.

Kisha akaacha kucheka. Akaifunika laptopu mwenyewe, taratibu, akiogopa kuivunja.

"Nimekuelewa, mwalimu. Mashine haina ubaya. Haimjui mtu." Akatazama mihogo yake. "Lakini nisikilize na wewe. Hapo tumewekwa wote Bujumbura, mimi na mkuu wa wilaya. Siku wakija kuchambua, mkuu wa wilaya atatolewa wa kwanza, aombwe na radhi. Mimi nitaambiwa nisubiri."

Nilimwambia kilichokuwepo: kwamba mfumo hauendi popote, kwamba darasani kwetu hata mtandao hatuna, kwamba hakuna anayekuja.

"Najua hawaji," akasema. "Kila asubuhi najiambia hawaji."

Nikageuka kwa binti. Nikamwambia kwamba wiki ijayo majina yanapelekwa, na kwamba asipokuwepo jina lake halimo, na mwaka wake wote umepotea. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Alijibu akiwa ameinamisha macho.

"Madam, mimi mashine sikuiogopa. Walicheka wote. Na wale tunaokaa nao chumba kimoja walicheka."

Mzee akasema, "Nitafikiri, mwalimu," na kila aliyekulia kwa wazee wetu anajua kwamba "nitafikiri" mara nyingi ni hapana iliyovaa shati. Wakanifungia maharage kwenye mfuko, nikaondoka.

Jumapili nilikwenda kanisani na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi, yule mcheshi alinifuata nje ya darasa. Hakuwa na ucheshi wowote usoni.

"Madam, samahani. Jana nilirudia lile zoezi peke yangu. Nikabonyeza kwetu, hapa hapa Kasulu. Ikaandika vile vile." "Sisi ni Waha, madam, toka na toka. Sasa hii haitaniletea shida mbeleni?"

Mwalimu mwema angemtuliza. Mimi nilimwangalia, nikamwambia, "Tutaona," nikaingia darasani. Nilimwacha nayo hadi mchana ndipo nikamweleza habari ya nukta, na sikujutia hata dakika moja.

Jumanne binti hakuja. Jumatano nilikuwa nasikiliza kila pikipiki inayopita barabarani. Alhamisi mchana moja ikakata kona kuingia getini, na kabla sijamwona abiria niliona godoro, limekunjwa na kufungwa kwa mpira, limepita upana wa pikipiki. Nilikuwa nimeshika chaki. Niliendelea kuandika ubaoni, na sikumbuki niliandika nini. Alipoingia darasani, mcheshi alisimama, akampisha kiti cha karibu na dirisha, na hakusema kitu. Kwa mtu wa namna yake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Jina lake likapelekwa. Wiki zilizobaki tulifanya mazoezi hadi wakayaota. Na kanuni yangu ilikuwa moja, niliirudia kila siku: mkifika kwenye ramani msihangaike, nendeni moja kwa moja ufukweni, bonyezeni Dar es Salaam. Nilisema ni kwa ajili ya saa. Nao waliitika kwamba ni kwa ajili ya saa.

Siku ya mtihani mtahini alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani, mgeni kabisa wa huku, anayeuliza kila anayemwona kama baridi hii ni ya mwaka mzima. Wasimamizi wa ndani haturuhusiwi kusema na mwanafunzi. Nilisimama nyuma, karibu na swichi kuu, nikiomba umeme usikatike, nikiomba flashi zisigome, nikiomba mambo mengi kwa pamoja. Mashine zikaamka. Lugha. Kibodi. Diski. Mmoja mmoja wakaifikia ramani, na mishale ikakimbilia pwani kama nilivyowafundisha.

Mshale wa binti wa Kumsenga haukwenda pwani. Niliuona kutoka nyuma, unapanda na Ziwa Tanganyika, unaipita Kigoma, unaingia ndani kidogo. Nilitaka kukohoa. Nilitaka kudondosha kitu. Mtahini alikuwa anakuja upande ule ule, karatasi zake mkononi, na akafika nyuma ya kiti chake wakati anabonyeza.

Bujumbura.

Mtahini akainama, akasogeza miwani. "Binti," akasema, "wewe ni wa Burundi?"

Hakuwa na nia mbaya, nilisikia sautini kwamba hana. Lakini swali lile, hata likiulizwa kwa upole, ni lile lile. Kibodi zote zikanyamaza. Mcheshi aligeuka kwenye kiti chake.

"Hapana, mheshimiwa," binti akasema. Hakuharakisha. "Mimi ni wa Kumsenga, Kibondo, hapa hapa. Ramani ndiyo haijafika kwetu."

Mtahini akaitazama skrini, akamtazama yeye. "Kumbe. Sasa unafanyaje?"

"Naisaidia." Akafuta lile neno, akaandika Dar es Salaam kwa vidole vyake vyepesi, na saa ya kwenye kona ikaruka mbele saa moja. Mtahini akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasogea kwa mwanafunzi wa pili. Kibodi zikaanza tena.

Ukurasa uliofuata ulimuuliza yeye ni nani. Chuoni tunamwandika majina mawili, la ubatizo na jingine fupi la Kiswahili, na wengi wetu wa upande ule ndivyo tunavyoandikwa. Mfumo haujali, hata herufi moja unaipokea. Yeye aliandika la ubatizo, akaandika la baba yake, kisha akaendelea, herufi baada ya herufi, jina refu la Kirundi la babu yake ambalo mimi mwalimu wake sikuwahi kulisikia, mpaka likakijaza kile kisanduku na mwanzo wake ukaanza kufichika upande wa kushoto. Babu yangu naye alikuwa na jina la namna hiyo. Baba alilikata siku aliponipeleka kuanza darasa la kwanza, na sijawahi kuliandika mahali popote. Nilisimama pale kwenye swichi, nikalitamka kimoyomoyo, polepole, nione kama bado nalijua lote.